Barua Nilizozimalizia Mwenyewe

Naandika kwa ajili ya yule anayesoma huku mkono wake mmoja uko ndani ya blauzi. Unapapasa, unautoa mkono, unajiambia ni sidiria imebana, halafu mkono unarudi wenyewe. Nakujua. Nilikuwa wewe kwa miezi kumi na mmoja. Weka karatasi hii chini, nenda ukamwambie mtu mmoja mwenye miguu ya kukupeleka hospitali, kisha rudi umalizie kusoma. Nitakusubiri. Tangu nimalize matibabu sina pa kwenda, na hata kabla ya hapo sikuwa napenda kwenda popote.

Hilo la kutopenda kwenda popote ndilo lenye kesi. Hapa Nyahanga, Kahama, wanaume wanafuata dhahabu hadi Geita na kurudi, wachuuzi wanawafuata wanaume, na mimi nafuata kivuli cha nyumba yangu. Asubuhi nakaa upande wa jikoni, mchana nahamia upande wa pili na kigoda changu. Mume wangu, Baba Kulwa, alikuwa mpishi kule Buzwagi mpaka mgodi ulipofungwa. Siku hizi yuko kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, huko Bukombe, na anarudi mara moja kwa mwezi akiwa mweupe kwa vumbi hadi kope. Huwa anawaambia watu kwamba alileta mke na kabati siku moja, na kabati limeshahama mara mbili.

Mtu wa nyumbani akiwa na kidato cha nne hupewa kazi za kukaa. Kwenye jumuiya yetu, familia kama kumi na tano za Kikatoliki tunaosali pamoja kila Jumamosi asubuhi, wiki hii kwako, wiki ijayo kwa jirani, mimi ndiye msomaji. Siyo kwa utakatifu. Macho yangu hayahitaji miwani, basi.

Sista Benadeta, muuguzi wa zahanati ya masista, ndiye aliyetuletea barua. Kilikuwa kijitabu cha barua za Mama Mwanzilishi wa shirika lao, mwanamke aliyekufa zamani huko Ulaya, ambaye maisha yake yote aliwaandikia masista wake waliotawanyika. Masista walikuwa wamezitafsiri kwa Kiswahili. Barua fupi fupi, nyingi zinaanza ukurasa mmoja na kuishia nyuma yake. Sista alikuwa anahamishiwa zahanati ya Bukombe siku hiyo hiyo.

"Mama Kulwa," aliniambia, "ninacho hiki kimoja tu. Nenda katoe kopi, unirudishie kabla gari halijafika. Muwe mnasoma barua moja kila Jumamosi baada ya Injili."

Nikaenda mjini kwa kujikokota. Dada wa stesheneri alipiga kwanza kurasa zote za upande wa mbele, akasema akimaliza atarudi mwanzo apige za nyuma. Alipomaliza za mbele, umeme ukakatika. Nilisubiri kwa kadiri ya mtu anayependa kigoda chake. Kisha nikachukua kopi zangu nusu na kitabu cha Sista, nikarudi. Gari lilikuwa linapiga honi.

"Umepata zote?"

"Zote, Sista."

Nilijiahidi kwamba wiki ijayo nitamfuata Bukombe nikamalizie. Kumbuka mume wangu mwenyewe anafanya kazi Bukombe na sijawahi kumfuata hata mara moja.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza nikasimama mbele ya jumuiya na barua isiyo na mwisho. Ilikuwa inawahusu masista wawili waliogombania dirisha, mmoja anataka lifunguliwe, mwingine anasikia baridi. Mama Mwanzilishi ndiyo kwanza anaanza kuwashauri, karatasi ikaisha. Watu wote wananitazama. Nikakohoa, nikamalizia mwenyewe. Nilisema kwamba upendo ni dirisha lisilo na bawaba, na mengine ya aina hiyo. Watu wakaguna kwa kuridhika. Nilikaa chini nikiwa na jasho mgongoni na, nisikufiche, nikiwa na raha. Shuleni sikuwahi kupata alama nzuri za insha.

Hivyo ndivyo nilivyoendelea, wiki baada ya wiki. Nusu ya mtakatifu, nusu yangu. Ukinisikiliza hungejua kiungo kiko wapi. Kwa kweli nusu yangu ndiyo iliyokuwa inapendwa zaidi, maana yeye alikuwa anaandika habari za maharage yaliyoungua na soksi, na mimi nilikuwa naweka malaika.

Barua ya kumi na nne tuliisoma nyumbani kwa Mama Skola, wakati wa mavuno ya mpunga. Mama Skola alikuwa jirani yangu wa mbele, mama wa miaka sitini na kitu, muuza mchele, mwanamke wa kelele na wa mikono mikubwa. Uani kwake turubai la mpunga lilikuwa limejaa mpaka tukakaa pembeni kama kuku. Barua hiyo Mama Mwanzilishi alimwandikia sista kijana mgonjwa. Anasema amesikia kwamba ameumwa miezi mingi, na kwamba miezi yote hiyo ameendelea kufua nguo za nyumba nzima na kuimba zaburi, hakumwambia mtu. Halafu mstari wa mwisho kabisa wa ukurasa: alipopata habari hiyo alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa...

Kwa nini? Kwa nyuma ya ukurasa. Mimi nyuma ya ukurasa nilikuwa sina.

"...kwa uvumilivu wako, binti yangu," nikasoma, macho nimeyagandisha kwenye karatasi kana kwamba maneno yapo. "Maana anayelia anamwita jirani, bali anayenyamaza anamwita Mungu. Jifunge kama ua linavyojifunga jua likizama, na Bwana peke yake ndiye atakayejua harufu yako."

"Mayoo!" Mama Skola akapiga paja. "Mzungu huyu alikuwa anajua kitu. Hebu rudia hapo kwenye ua."

Nikarudia. Sikukumbuka sawasawa, kwa hiyo mara ya pili ua likawa waridi. Hakuna aliyegundua.

Kuanzia hapo kila tukikutana, kisimani, njiani, kwenye msiba, aliniambia, "Mama Kulwa, nipe lile ua." Nami nilimpa.

Mwezi uliofuata, naoga, nikagusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Mdogo, mgumu, kama harage bichi. Ningekuwa na akili ningepiga kelele. Lakini nilisikia sauti ikiniambia nijifunge, ninyamaze, nimtolee Mungu. Ilikuwa sauti tulivu, ya kizungu, yenye utakatifu mwingi, na nilisahau kabisa kwamba ilikuwa yangu. Au sikusahau. Hospitali ni mbali, foleni ni ndefu, na nyumbani kuna kivuli. Utakatifu wangu na uvivu wangu walikuwa wamekubaliana jambo, na hao wawili wakikubaliana mimi sina nguvu ya kuwapinga.

Basi nikamtolea Mungu. Nilimtolea wakati wa kiangazi, nikamtolea wakati wa kupanda mpunga, nikamtolea mvua za mwaka mpya. Harage likawa limau. Ngozi ikavutwa ndani ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu ikazama, kisha ikaanza kutoa maji yenye rangi. Nikawa nafua sidiria zangu kwa siri na kuzianika chini ya khanga. Kwapani kukawa na vidonge vidonge. Baba Kulwa akija nilikuwa nageukia ukutani na kusema kichwa kinauma. Naye, mwenye vumbi la mwezi mzima kifuani, alikuwa anashukuru kulala.

Aliyenikamata ni Kulwa, mkubwa wa mapacha wangu, miaka kumi na sita. Alianua nguo.

"Mama, hii nini?"

"Uji."

"Uji ndani ya sidiria?"

"Ulimwagika."

Hakucheka. Alimwita mwenzake Doto, wakanisimamisha chumbani, mmoja kushoto mmoja kulia kama askari, wakanifungua vifungo. Doto alitoka nje mbio. Kulwa alibaki, akavifunga vifungo vyangu kimoja kimoja tangu chini, taratibu, kama ananivalisha kwenda shule. Kisha akampigia baba yake.

Baba Kulwa alifika kesho yake mchana bila kuoga. Alitazama mara moja, akakaa juu ya ndoo.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka jana."

Akahesabu vidole. "Nimerudi mara kumi na moja tangu hapo. Mara kumi na moja nimelala pembeni yako. Na hukusema."

"Nilikuwa namtolea Mungu."

"Alikuomba?"

Alikaa juu ya ile ndoo mpaka ikabonyea, na hakuniuliza kitu kingine kwa siku mbili. Katika ugonjwa wote, dawa zote, sikuwahi kuumia kama siku hizo mbili.

Mama mkwe alitaka kwanza twende kwa mfumu, mganga wetu wa jadi. Twende tu, nikasema, kwa mfumu ni karibu. Mfumu akampasua kuku, akamkagua kama wanavyofanya, akanitazama mimi, akamtazama kuku tena, akasema mgonjwa huyu apelekwe hospitali leo hii. Ndivyo nilivyokuwa nimechelewa: hata kuku aliona.

Mwanza nilifikia kwa wifi yangu. Hospitali ya rufaa niliijua kwa mabenchi yake. Benchi la kufungua faili, benchi la vipimo, benchi la kusubiri majibu ya kinyama walichokata, ambalo nililikalia wiki tatu. Siku ya kwanza nilikaa saa nne nzima, nikijisifu kwa subira, hadi mama mmoja kutoka Geita aliyekuwa kando yangu akaniuliza naumwa nini.

"Titi."

"Dada yangu, hii ni foleni ya macho."

Alinishika mkono akanipeleka kwenye foleni yetu, maana na yeye alikuwa wa titi. Alikuwa na michembe kwenye mfuko, tukatafuna viazi vikavu kama wachunga ng'ombe. Kwenye dripu ya kwanza ya dawa ya saratani tulikaa viti vinavyotazamana. Kwenye ya pili alinifundisha kunyonya barafu ili mdomo usichubuke sana. Kwenye ya tatu kiti chake kilikuwa na mtu mwingine. Nilipomtazama muuguzi, aliinama akaanza kutafuta mshipa wangu kabla sijafungua mdomo.

Daktari alikuwa mpole. Alipapasa kwapa langu, akaandika, akasema, "Mama, ungekuja mwaka jana..." akaacha hapo. Nami, bingwa wa kumalizia sentensi za watu, hiyo niliiacha kama ilivyo.

Dawa yenyewe ni nyekundu kama juisi ya sherehe. Inaingia baridi kwenye mkono, unaisikia ikipanda hadi begani. Ukikojoa, mkojo mwekundu. Mara ya kwanza nilidhani nakufa chooni, nikaona aibu ya kufia mahali hapo. Siku ya kumi na sita nywele zilitoka kichana kizima. Kucha zikawa nyeusi. Wali wa Kahama, ambao kwa ajili yake naweza kukosana na dunia nzima, ukawa na ladha ya sarafu. Nilikuwa nalala sebuleni kwa wifi, naye alikuwa ananipikia uji na kunisema kwa shoga zake kwenye simu akidhani nimelala. "Mwaka mzima! Amekaa nalo mwaka mzima!" Alikuwa anasema kweli. Nilivuta shuka.

Kusali sikuweza. Nilihesabu matone. Tone, tone, tone, na katikati hakuna Mungu, kuna kichefuchefu tu. Nakuambia hili kwa sababu watu watakuja na rozari na watakuambia ugonjwa utakuleta karibu naye. Labda wewe. Mimi ulinileta karibu na beseni.

Dripu ya nne Sista Benadeta alikuja kunitembelea kutoka Bukombe. Baba Kulwa ndiye aliyemtafuta zahanati akamweleza. Alinikuta kitini, sindano mkononi, kitambaa kichwani. Akatoa kile kijitabu.

"Najua mnazipenda hizi. Nikusomee ile ya sista mgonjwa?"

Nilimwambia asome. Alisoma ukurasa wa mbele, ninaoujua kwa moyo. Akafika mwisho wa mstari, akafunua karatasi, akaendelea bila hata kuvuta pumzi. Mama Mwanzilishi alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa sista mpishi, aliyemwona yule binti akianguka karibu na kisima akapiga ukelele. Maana wewe, alimwandikia, ulikwisha kuamua kufa na kuyaita hayo utakatifu. Kunyamaza kwako ni kiburi, binti yangu, hukutaka tukuone ukiwa dhaifu. Mwite daktari leo. Mtii kama unavyonitii mimi, mweleze hata yale unayoyaonea haya, na ukishamaliza kumweleza yeye, hapo ndipo unyamaze. Mwishoni alimuuliza kama ameshaanza kula mayai.

Nilitapika. Sista akadhani ni dawa, akanishika paji la uso. Alipomaliza kunifuta nilimwambia yote: umeme, gari, honi, dirisha lisilo na bawaba, ua.

Nilitegemea anikemee. Badala yake akauliza kama muuguzi: "Nani mwingine aliisikia?"

"Jumuiya nzima."

"Nani aliipenda sana?"

Hapo ndipo nilipoona. Mama Skola, ambaye tangu mvua za mwaka mpya alikuwa anakaa juu ya khanga iliyokunjwa. Aliyeacha kubeba ungo kichwani. Aliyeanza kujipaka marashi makali kwenye jumuiya, tukamtania kwamba anajipamba ili Baba Skola asimletee mke mwenza. Nilikuwa mbele ya mlango wake mwaka mzima, nimekaa kivulini, macho yasiyohitaji miwani.

Nikampigia Doto. "Mama Skola yukoje?"

"Yuko ndani wiki ya pili, mama. Anasema mgongo."

Kesho yake, nikiwa natapika kwenye mfuko, nilisafiri kurudi Kahama. Ndiyo safari pekee maishani mwangu niliyoona basi linakwenda polepole.

Baba Skola, mzee mkimya anayezungumza na mpunga wake kuliko watu, alinionyesha chumba kwa kidevu. Marashi yalikuwa yameshindwa. Ilikuwa harufu ya damu iliyokaa. Mama Skola alikuwa amelala ubavu, ile mikono mikubwa imebaki mifupa mikubwa.

"Shikamoo, Mama Skola."

"Marahaba. Nani huyo?" Akanitazama. "Mayoo! Kibuyu! Nani amekukoboa hivyo?"

"Wazungu na dawa zao."

"Kaa hapa, kibuyu changu. Umefanya vizuri kuja. Nipe lile ua."

Nataka ujue kwamba nilifungua mdomo nimpe. Lilikuwa linanijia lenyewe. Alikuwa anakufa, kila mtu mwenye pua aliliona hilo, na kitu pekee alichoomba kilikuwa kile, na kingemgharimu nani? Lakini alikuwa bado hajaonwa na daktari hata mmoja. Sikujua kama imechelewa. Na kama haijachelewa, basi ua langu lingemuua mara ya pili.

"Mama Skola, ua siyo lake. Ni langu. Ukurasa wa nyuma sikuwa nao. Nilitunga."

Niliona anarudi nyuma, Jumamosi moja moja, na damu moja moja.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilikuwa namtii mtakatifu." Alianza kucheka, kicheko chake kile cha sokoni, kikamkatia tumboni, akakishika kwa mikono miwili. "Kumbe namtii Mama Kulwa! Mtu asiyeweza kufika hata sokoni! Ningejua ni wewe, mwanangu, ningekwenda hospitali kwa miguu yangu."

Sikucheka. Yeye alicheka mpaka machozi, halafu yakabaki machozi peke yake.

"Isome ya kweli."

Sista alikuwa ameniachia kijitabu. Nikasoma hadi kwenye mayai.

"Siyo nzuri kama yako," alisema. Akavuta pumzi. "Lakini hii ingenipeleka."

Nilisubiri. Sitakudanganya, nilikuwa nasubiri neno moja, unajua lipi. Nilipiga magoti kando ya kitanda kabisa, nikasema nisamehe. Aligeuza uso upande wa dirisha.

"Niitie mzee anigeuze," alisema. "Ubavu huu umechoka."

Walimpeleka hospitali kesho yake. Ilikuwa kizazi, na ilikuwa imeshafika kila mahali. Walimrudisha na chupa ya dawa ya maumivu. Alifariki kabla ya mvua ya kwanza, mimi nikiwa kwenye dripu ya tano. Hakuniita tena.

Yaliyofuata kwangu ni ya mwili tu. Dripu sita zikaisha. Mvua zikiwa zimekolea wakaliondoa titi. Kifua upande huo ni kama ukuta uliosiribwa na fundi mlevi. Mkono wa kushoto ukavimba na haujarudi, pete imekatwa kwa koleo. Mionzi ilifuata, siku ishirini na tano, ngozi ikaiva ikawa kama nyama ya kuokwa. Baba Kulwa alichukua wiki sita kabla ya kutazama. Siku alipotazama alisema, "Basi kabati nalo limepoteza mlango," akatoka nje, nikamsikia akilia nyuma ya nyumba, kwenye kivuli changu. Alirudi na maji ya moto. Ananikanda ule mkono kila akija.

Sijapona. Nimemaliza dawa, ambalo ni jambo lingine. Kila miezi mitatu narudi kwenye benchi, na sasa najua ni benchi lipi.

Nimezisoma barua zote, mbele na nyuma. Nilitegemea kukuta malaika. Mama Mwanzilishi amejaa maharage. Kwenye moja anamwambia sista aliyeacha kuweza kusali kwamba yeye mwenyewe amekaa miaka asisikie chochote, na alichofanya ni kufagia kanisa kila asubuhi kwa sababu lilikuwa chafu. Basi. Hakuongeza ua. Hiyo ndiyo barua pekee inayonisaidia, na tungeifikia siku zile nikiwa na nusu yake, ningeiharibu.

Niliporudi jumuiya nilisimama nikawaambia. Mwenyekiti akasema tumsamehe ndugu yetu, akaenda kwenye matangazo. Wanawake wawili walikwenda zahanati wiki hiyo. Mmoja alikuwa hana kitu. Wa pili amehama na sijui. Baba Skola hakuwepo. Tangu mazishi hakuwa anakuja kwenye sala, na ingawa nyumba yake inatazamana na yangu, tulikuwa tumeweza kutokutana miezi sita.

Mavuno haya nilivuka. Hatua ishirini na mbili kutoka kizingiti hadi kizingiti. Alikuwa uani, anapakia mpunga peke yake kutoka kwenye turubai, anachota kwa debe, gunia linamwangukia, analisimamisha, linaanguka tena. Nilimwamkia, nikamweleza tangu mwanzo, nimesimama juani. Hakuacha kuchota.

Nilipomaliza akauliza, "Yeye alikwambia amekusamehe?"

"Hapana, baba."

"Basi mimi siwezi kulisema ambalo yeye hakulisema."

Nilisema nimesikia. Nikageuka kuondoka. Nyuma yangu gunia likaanguka tena, mpunga ukamwagika mavumbini.

"Mama Kulwa."

"Abee."

"Shika mdomo wa gunia."

"Baba, mimi nina mkono mmoja tu wa kushika."

"Shika na huo huo."

Nikashika. Akamimina.